Kibuyu cha Alhamisi

Wagonjwa wengine wa nesi Tupokigwe walitembelewa nyumbani mara moja kwa mwezi, na wale wa mbali mara moja kwa miezi miwili, tena kama baiskeli ya zahanati haina pancha. Mtoto wa Nyanda alitembelewa kila Alhamisi. Rozalia, mwenzake aliyepima uzito wa watoto pale kliniki, na mambo ya wenzake akayapima bila mizani, alikwisha kuliona hilo siku nyingi.

"Mtoto anaumwa mkono mmoja," alisema alasiri hiyo huku akifunga dirisha la dawa, "lakini wewe unajipaka mafuta mikono yote miwili kabla ya kwenda kumwona."

Tupokigwe akamwambia akalale, akapanda baiskeli na kuondoka akicheka. Lakini alipoipita mashine ya kukoboa mpunga, pale ambapo vumbi la pumba lilikuwa halitui mwezi mzima wa Juni, kicheko kilikuwa kimekwisha. Alhamisi hii huenda ikawa ya mwisho.

Wiki iliyopita Nyanda alikuwa amemsomea barua iliyotoka Shinyanga, imeandikwa na mwalimu Bartolomeo kwa niaba ya mama mzazi wa Nyanda, Mama Helena. Barua haikuzunguka mbuyu. Mtoto asiye na mama hulelewa na bibi yake. Mwisho wa mwezi Mama Helena angefika Rujewa kumchukua Nyamizi, na Nyanda naye ajitayarishe kurudi kuoa, maana msichana amekwisha kuonekana. Nyanda alipomaliza kusoma aliikunja ile karatasi mara nne, akamtazama Tupokigwe kama mtu anayengoja kuambiwa neno. Tupokigwe akasema bibi ni bibi, ana haki yake. Kisha akapanda baiskeli akalia mpaka barabara kuu, peke yake, kwani yeye ni binti wa mzee wa kanisa na alilelewa kutolilia cha mtu mbele ya watu.

Ungemuuliza analilia nini, mkono wa mtoto au macho ya baba wa mtoto, angekujibu mkono. Angekuwa amesema nusu ya kweli.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Nyamizi alizaliwa kwa taabu, baada ya siku mbili za uchungu na safari ya mkokoteni wa ng'ombe kukata mbuga za Usangu wakati wa mvua. Hakulia alipozaliwa. Marta, mama yake, alimsikia akilia siku ya pili, akafurahi sana, na kabla wiki haijaisha akafariki. Nyanda akabaki na ng'ombe zake, na kitoto ambacho mkono wake wa kulia ulikaa umekunjwa kifuani, kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi. Wako waliosema amelogwa. Wako waliosema ameshika kitu alichoachiwa na mama yake na hataki kukitoa. Alipofikisha mwaka mmoja na nusu Nyanda akampeleka kliniki, na Tupokigwe akamweleza kwamba ule ni mtindio wa ubongo: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na ile sehemu ya ubongo inayouamuru mkono imeumia. Haitapona kama kidonda kinavyopona. Ila mtoto angali mdogo, na mkono wa mtoto mdogo hufundishika.

"Anaufundisha nani?" Nyanda aliuliza.

"Wewe."

Wazazi wengi hukasirika wakiambiwa hivyo, hudhani wamenyimwa dawa. Nyanda alivua kofia, akaketi sakafuni pamoja na mwanawe, akasema, "Nionyeshe." Tupokigwe, ambaye kwa miaka mitatu ya kazi hakuwahi kuona mwanamume ameketi kwenye sakafu ya kliniki, aliinama kutafuta kadi ya mtoto na ikamchukua muda mrefu kuiona. Kadi ilikuwa mkononi mwake.

Kazi hiyo ya mikono alifundishwa Iringa, na nesi mmoja mkongwe wa Kihehe aliyeitwa Severina, mama mwenye maneno machache na yote makali. Severina alikuwa na amri moja: ngumi haivutwi. Ukimvuta mtoto vidole, anakaza. Mkunje kifundo cha mkono kidogo kwa ndani, mpapase mgongo wa mkono kuanzia upande wa kidole cha mwisho, mwimbie, ngoja. Vidole vitalegea vyenyewe. Vikilegea, mpe kitu kisichoshikika kwa mkono mmoja. Nyanda alijifunza kungoja upesi, maana alikuwa mtu wa kulea ndama. Kilichomshinda ni kuacha kumsaidia. Mtoto akikitupia tu macho kikombe, kikombe kimefika mdomoni. Waligombania kikombe kile miezi miwili, nesi na baba, na katika kugombana huko wakazoeana.

Lakini mpira, makopo, ng'ombe wa udongo aliowafinyanga Nyanda kwa mapembe yao yote, kila kitu Nyamizi alikishika kwa kushoto, na mkono wa kulia ukabaki kifuani. Mpaka siku moja, wiki nne kabla ya Alhamisi hii, Tupokigwe alipokuwa peke yake na mtoto ndani ya nyumba, akaona kibuyu cha kusukia maziwa kimening'inia kwenye nguzo ya kati. Kilikuwa kidogo, shingo nyembamba, tumbo la mviringo limeng'arishwa na mikono ya zamani, sasa limejaa vumbi. Akakishusha. Akakiosha, akatia mtindi, akampakata Nyamizi na kuanza kukisukasuka. Mtoto akacheka kusikia maziwa yanavyogonga ndani. Akataka naye. Akakishika kwa kushoto, kikateleza. Akakishika tena, kikateleza. Mara ya tatu ule mkono wa kulia ukatoka kifuani, ukaja polepole, ukajibandika kwenye tumbo la kibuyu, na vidole vitatu vikafunguka.

"Umeona?" Tupokigwe alisema, kwani Nyanda alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa ameona. Alitazama mkono, akatazama kibuyu, kisha akamtazama Tupokigwe muda mrefu, midomo ikacheza kama ana neno, asilitoe. Tupokigwe alidhani ni furaha ya mzazi. Tangu siku hiyo kila Alhamisi walisuka, na siagi iliyopatikana aliiyeyusha kuwa samli akaiweka kwenye chupa dirishani.

Basi Alhamisi hii alimkuta Nyanda kwenye njia ya kuingilia, mtoto begani, macho yanazunguka vichakani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na aibu yake ilikuwa ndefu kuliko yeye.

"Za kazi, nesi?"

"Nzuri. Umepotelewa na nini?"

"Kuna ndama namtafuta."

Tupokigwe akatazama zizini, akawaona ndama wote wamelala. "Ana rangi gani?"

Nyanda akafikiri. "Atakuwa mwekundu," alisema.

Waliingia ndani. Habari ya barua hakuna aliyeigusa. Tupokigwe aliketi juu ya ngozi ya ng'ombe, mtoto katikati ya miguu yake, akampapasa mgongo wa mkono huku akimwimbia wimbo wa Kinyakyusa ambao mtoto alikwisha kuushika nusu. Nyanda akakishusha kibuyu mwenyewe, akachuchumaa mbele yao akakitegemeza kwa chini kisianguke. Kibuyu kilikuwa kimoja na mikono ilikuwa sita. Kidole cha Nyanda kikagusana na cha Tupokigwe, na hakuna aliyekiondoa. Alimtazama, naye akatazamwa, na kwa muda kidogo maziwa yalinyamaza mle kibuyuni. Moyo wa Tupokigwe ulimuuma kwa raha. Alimpenda mtu huyu, na wakati ule hakuwa na nguvu za kujidanganya tena.

"Nesi," Nyanda alianza. "Kuna jambo ningetaka..."

Nje lori likapiga breki. Mlango wa lori ukafungwa kwa kishindo, jirani akapiga vigelegele, na sauti ya mama mtu mzima ikamkemea asipige kelele kabla hajajua analoshangilia. Nyanda alisimama wima. Tupokigwe hakuhitaji kuambiwa ni nani. Basi alilopanda Mama Helena lilikuwa limeharibikia Nyololo, akalala hapo, asubuhi akapata lori lililotoka Iringa kuja kupakia mchele Rujewa. Na kama alisema mwisho wa mwezi, basi mwezi ungejijua wenyewe.

Aliingia na mzigo kichwani, mama mnene aliyenyooka mgongo, akasimama mlangoni. Mbele yake alikuta mwanawe, mjukuu wake, na msichana asiyemjua ameketi kwenye ngozi na kibuyu magotini.

Tupokigwe alipiga magoti. "Mwangaluka, mayu," alisema, yaani habari za asubuhi, mama, ingawa jua lilikuwa limeanza kushuka. Kisukuma chake hakikuwahi kuvuka saa sita mchana.

Mama Helena aliitikia kwa ufupi, akatua mzigo. Alifungua kopo la karanga za kukaanga, akachota kiganja, akamwita mjukuu. Nyamizi, ambaye kwa karanga hahitaji kuitwa mara mbili, alijivuta mpaka kwake na kunyoosha mkono wa kushoto. Bibi akarudisha karanga kwenye kopo.

"Mkono gani huo wa kumpokelea mtu mzima?" alisema. Kisha akamwuliza Nyanda kama hakupata ile barua ya mwaka jana, iliyosema huo wa kushoto ufungwe kitambaa ili wa kulia upate akili.

Tupokigwe ndiye aliyejibu, taratibu, macho chini. "Mayu, ukifungwa wa kushoto atabaki hana hata mmoja. Tunataka ule wa kulia uje kumsaidia mwenzake."

"Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Ni nesi wa kliniki, mayu. Naitwa Tupokigwe."

"Kibuyu hicho amekupa nani?"

"Nilikishusha mwenyewe. Ni kwa mazoezi ya mtoto."

"Umekishusha mwenyewe." Mama Helena aliyarudia maneno hayo kwa upole, na upole huo ulimtisha Tupokigwe kuliko ukali. "Umesuka mara ngapi?"

"Leo ni Alhamisi ya tano, mayu."

Mama Helena akavuta kigoda akaketi. "Nashuka kwenye lori, mke wa Bujiku ananipigia vigelegele. Hongera kwa kupata mkwe, ananiambia. Nikamwambia umekosea mtu." Alikinyooshea kibuyu kidole. "Hicho nilikipanda mimi, nikakikausha mimi, nikampa Marta siku alipoletwa kwangu. Katika ukoo wetu msichana hasuki maziwa ya nyumba isiyo yake. Akisuka mara moja, tunasema ni mgeni, amekosea. Akisuka mara ya pili, na mwenye nyumba anamtazama tu amenyamaza, huyo amekwisha kuingia. Mwanangu hakukuambia?"

Tupokigwe aligeuka kumtazama Nyanda. Nyanda alikuwa anatazama miguu yake. Hapo ndipo alipouelewa ule mtazamo wa mlangoni, na ile midomo iliyocheza bila neno, na vile mke wa Bujiku alivyokuwa akimpungia mkono njiani kila wiki kwa bashasha isiyo na kiasi. Uso ukamwaka moto. Alikitua kibuyu, akamwomba radhi mama kwa kosa alilolifanya bila kujua, akatoka. Nyuma yake Nyamizi akaangua kilio.

Nyanda alimfikia kando ya zizi, akamkuta tayari ameshika usukani wa baiskeli.

"Ulijua," Tupokigwe alisema.

"Nilijua."

"Alhamisi tano nzima! Mimi napita pale na gauni la kazi, napungiwa mkono, nami napunga kama mjinga, kumbe kijiji kizima kinamsalimia mke wako."

"Siku ile ya kwanza nilitaka kusema. Nikaona mkono wa mtoto umefunguka, nikasema acha amalize kwanza. Ulipomaliza ukacheka, ukaniambia, umeona? Maneno yakaniishia. Wiki ya pili nikasema, kama Mungu hapendi, nesi hatakishusha tena. Ukakishusha."

"Mungu usimtie. Mdomo ni wako."

"Mdomo ni wangu," Nyanda alikubali. "Niliogopa. Nilijua nikikuambia utakirudisha kwenye nguzo, na Alhamisi hutakuja."

Sauti yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomuudhi zaidi. Tupokigwe aliiegemeza baiskeli kwenye boma la zizi ili apate kugombana vizuri. Alimwambia kwao mwanamke huombwa. Alimwambia Mzee Asukile, baba yake, yu hai, yuko Tukuyu katikati ya migomba na kahawa yake, na siku aliposikia kwamba bintiye anapangiwa kazi Usangu alimwonya juu ya watu wa ng'ombe; alisema kwao ni pale nyasi zilipo, na nyasi zikiisha watamwacha na vyungu. Zaidi ya mwaka alikuwa akibishana na baba yake moyoni, akimtetea mtu ambaye hata hakuwa ameombwa kumtetea.

"Na mimi nimekufundisha nini muda wote huu?" aliuliza, na sasa machozi yalikuwa yamemtoka. "Mkono hauvutwi. Unangojwa mpaka uje wenyewe. Mtoto umemngoja, Nyanda. Mimi umenivuta. Hukunivuta kwa nguvu, umenivuta kwa kunyamaza, lakini kuvutwa ni kuvutwa."

Nyanda aliinua macho, akamtazama usoni bila kujificha. Alikuwa amepigwa palepale panapouma.

"Nimekosa," alisema mwishowe. "Nimekukosea sana. Nikikuomba sasa itaonekana nakuomba kwa sababu mama amenifumania."

"Itaonekana hivyo."

"Basi ionekane. Nakupenda, Tupokigwe."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Mwaka mzima na zaidi ilikuwa nesi, nesi, na sasa jina lake lilitoka katika mdomo ule na lafudhi ya Kisukuma juu yake, likamfanya asahau alikuwa amefika wapi katika kugombana.

"Sikupendi kwa ajili ya mkono wa mtoto," Nyanda aliendelea, kwa haraka, kama anayeogopa mdomo utajifunga tena. "Mama akimchukua Nyamizi kesho, na huu mkono ukajikunja upya, nitalia kwa mwanangu. Lakini Alhamisi nitasimama njiani hapo hapo. Nitakuwa natafuta ndama."

Tupokigwe hakutaka kucheka. Alicheka na machozi yakiwa bado shavuni. "Mwekundu?"

"Rangi yoyote utakayoitaka."

Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Akamwambia neno kubwa kama hilo halijibiwi nyuma ya zizi, na kwamba hasira yake bado iko pale pale, asidhani imeisha. Alikuwa anataka kuendelea aliposikia kwamba kilio cha ndani kimekatika. Walitazamana, na wote wawili wakawaza kitu kimoja: kitambaa. Mama amemfunga mtoto mkono. Walikimbia.

Mama Helena alikuwa ameketi chini kwenye ngozi, miguu ameinyoosha, kopo la karanga liko wazi kando yake. Hakuwa na kitambaa. Nyamizi alikuwa anamwendea kutoka upande wa pili wa chumba, kwa hatua zake za kuyumba, na kibuyu amekibeba mbele ya tumbo. Mkono wa kushoto ulishika shingo. Wa kulia ulikuwa umejibandika kwa chini, vidole vimetanuka, unatetemeka kwa uzito. Alifika, akakiweka kwenye mapaja ya bibi yake.

"Ndaga," alisema.

Mama Helena hakukigusa kibuyu. "Nimemwambia akilete nikitundike," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Nikadhani atakiburuta kwa kushoto. Amesema nini?"

"Amesema asante, mayu," Tupokigwe alijibu. "Kwa Kinyakyusa."

"Mjukuu wangu ananishukuru kwa Kinyakyusa." Aliuchukua ule mkono mdogo wa kulia, akaugeuza, akatazama kiganjani. Alitazama muda mrefu. "Nilijua ameshika kitu," alisema, na sauti ikashuka. "Alipokuwa mchanga nilijaribu kumfungua hivi vidole kwa nguvu. Nilidhani Marta amemwachia kitu humu, nikasema nikione, nami nipate kumbukumbu. Mtoto alipiga kelele mpaka akazirai. Nikaondoka kesho yake, sikuthubutu kurudi hapa mpaka leo. Kumbe hamna kitu. Kuna jasho tu."

Nyanda akapiga magoti karibu na mama yake. Jambo hilo hakuwahi kulisikia. Tupokigwe naye, hasira ikiwa imemtoka bila kuaga, aliketi upande wa pili, akaichukua mikono mikavu ya yule mama na kumwonyesha jinsi ya kukunja kifundo kidogo kwa ndani, jinsi ya kupapasa kuanzia upande wa kidole cha mwisho. Mama Helena alipoona kidole gumba kinachelewa akataka kukisaidia.

"Hakivutwi, mayu."

"Hakivutwi," Mama Helena alirudia, akangoja. Kidole gumba kikatoka. Aliweka karanga moja juu ya kiganja kile, na Nyamizi akaitazama kwa mshangao, kwa sababu mkono huo haukuwahi kuletewa karanga.

Walikaa hivyo mpaka karanga zikapungua. Kisha Mama Helena akajifuta macho, akawa yule mama wa mlangoni tena, akauliza samli ya hizo Alhamisi iko wapi. Nyanda akaleta chupa. Akachovya kidole, akalamba.

"Imeungua," alisema.

"Kidogo, mayu."

"Sana. Nyinyi Wanyakyusa samli hamuijui."

"Tunajua ndizi, mayu."

Mama Helena alimtazama kwa jicho la pembeni, na pembe ya mdomo ikamsaliti. Akasema safari ya Shinyanga ni ndefu kwa mtoto, na yeye macho yamepungua, na hayo ya kubembeleza vidole hayawezi kufundishwa kwa barua ya Bartolomeo. Mtoto abaki. Kuhusu yule msichana aliyeonekana, nyumba hiyo haina haja naye tena. Ataolewa na mwingine mwenye kusema mambo yake mapema. Nyanda aliinamisha kichwa.

"Imebaki hiki," Mama Helena alisema, akakiinua kibuyu. "Kukitundika siwezi. Kimesukwa mara tano, si cha Marta tena, Mungu amrehemu. Wala si chako, binti yangu, maana hukupewa. Ulikiokota. Kitu cha kuokota hakijengi nyumba." Akamtia Nyanda kibuyu mikononi. "Mpe kama watu wanavyopeana. Na uulize kwanza, mwenye mdomo wewe."

Nyanda alipiga magoti mbele ya Tupokigwe, kibuyu mikononi.

"Tupokigwe, binti Asukile. Tutaenda Tukuyu, mimi na mama, tukapige hodi. Baba yako akinikataa nitarudi, akinikataa tena nitarudi tena, mpaka ajue kwamba hapa sikufuata nyasi. Lakini kabla ya baba yako nakuuliza wewe. Utakipokea?"

Tupokigwe aliwaza ile nyumba ya Tukuyu, mvua, migomba, baba yake amekaa na Biblia magotini akimkagua mgeni kuanzia chini kwenda juu. "Ukienda, usivae hayo makatambuga," alisema. "Baba hazungumzi na mtu mpaka aone viatu vyake."

"Nitanunua viatu. Nimekuuliza."

"Nimesikia. Nami nimekuchukia leo, ulijue hilo. Na nakupenda kuliko nilivyokuchukia."

Alijifuta viganja kwenye kanga. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, kama mama yake alivyomfundisha tangu utotoni, kwamba kitu cha heshima hakipokelewi kwa mkono mmoja.

Lakini Nyamizi alikuwa ameona kibuyu kinatolewa, akajua ni mchezo wao. Akajipenyeza katikati yao, akakidaka kwa mkono wa kushoto kabla Tupokigwe hajakigusa. Wa kulia ulikuwa bado kifuani. Ukaanza kuja. Ulifika nusu ya njia, ukasimama, ukatetemeka, vidole vikajikunja, vikafunguka tena kimoja kimoja. Nyanda alikishikilia kibuyu hewani kisitikisike. Tupokigwe alikuwa amenyoosha mikono vile vile. Mama Helena, ambaye mkono wake ulikwisha kuondoka pajani kwenda kumsaidia mjukuu, aliurudisha akaufumbata.

Wakangoja. Hakuna aliyeuvuta.